Tysk: Jina la Mjerumani Kule Kaskazini Lilitoka Wapi?

Mnorwei akitaka kukuambia kwamba anazungumza Kijerumani, husema: Jeg snakker tysk. Ni maneno matatu tu. Jeg, yaani "mimi", ni lake la asili. Snakker aliazima zama za kati kutoka kwa wafanyabiashara wa bandari za kaskazini mwa Ujerumani. Tysk, jina lenyewe la lugha, nalo lina mkono wa Wajerumani hao hao. Mswidi naye akisema tyska språket, "lugha ya Kijerumani", hayuko mbali na mwenzake, kwa sababu hata språk, neno lake la kila siku la kutaja "lugha", lilitoka huko huko na likalisukuma pembeni neno la wahenga wake, mål. Waaisilandi, ambao meli za wafanyabiashara hao hazikuwafikia kwa wingi kiasi hicho, bado wanasema mál.

Ukiuliza asili ya tysk, wengi watakupa jibu la haraka: linatokana na neno la kale lenye maana ya "watu", Wajerumani walijiita "watu", na majirani zao wakafuata. Jibu hilo si la uongo, ila linaruka jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari. Watu wa Kaskazini walikuwa tayari na majina yao wenyewe ya kumwita jirani wa kusini. Walikuwa na Saxland, nchi ya Wasaksoni, na Saxar kwa watu wake. Walikuwa pia na suðrmenn, "watu wa kusini", jina la kibaharia kabisa, la mtu anayetaja watu kwa upande ambako upepo unawaleta. Kwa nini basi waliyaacha majina hayo, wakachukua neno ambalo kwa maana yake ya awali liliwahusu wao wenyewe pia?

Wafini hawakuliacha la kwao. Hadi leo Ujerumani kwao ni Saksa, na Waestonia vilevile. Kwa Waestonia, saks lilifika mahali pa kumaanisha pia bwana, mtu wa tabaka la juu, kwa kuwa kwa karne nyingi mwenye shamba alikuwa Mjerumani na mkulima alikuwa Mwestonia. Warusi wanasema nemets, neno la ukoo mmoja na lile la kumtaja bubu: mtu ambaye huelewi anachosema. Wafaransa walikutana kwanza na kabila la Waalemani, wakaita nchi nzima Allemagne. Kila mmoja alibandika jina la yule aliyemkuta mlangoni pake, au la jinsi alivyomsikia.

Tysk liko tofauti kidogo, kwa kuwa mwanzoni halikuwa jina la kabila wala la nchi. Shina lake ni lile linaloonekana katika Kiaisilandi kama þjóð, "watu" au "taifa". Herufi hiyo ya kwanza isikutishe. Inatamkwa kama th ya "thamani". Kutokana na shina hilo, wazungumzaji wa lugha za jamii ya Kigermanik, yaani ukoo wa Kijerumani, Kiingereza na lugha za Skandinavia, waliunda sifa yenye maana ya "ya watu", "ya umma", na kazi yake kubwa ilikuwa kutenganisha lugha iliyozungumzwa majumbani na Kilatini cha makasisi. Ushahidi wa kwanza wa maandishi unachekesha kidogo. Mwaka 786 mjumbe wa Papa, Askofu George wa Ostia, alimwandikia Papa Hadrian I kuhusu mikutano ya kanisa, akaeleza kwamba maazimio yalisomwa kwa Kilatini na pia theodisce, ili watu wote waelewe. Mkutano aliokuwa akiuzungumzia ulifanyika Uingereza. Yaani neno lililozaa Deutsch na tysk linaonekana kwa mara ya kwanza katika karatasi likitaja lugha ya Waingereza!

Mwaka 813, maaskofu waliokutana Tours waliagiza mahubiri yatafsiriwe kwa Kirumi cha mashambani au kwa lugha ya theotisca. Mwaka 842, huko Strasbourg, wajukuu wawili wa Charlemagne, mfalme wa Wafranki, walikula kiapo, kila mmoja kwa lugha ya jeshi la mwenzake, na lugha mojawapo ikaandikwa teudisca. Hapo bado hakuna nchi iitwayo Ujerumani wala Mjerumani kwa maana tunayoijua. Ipo lugha inayopimwa dhidi ya lugha nyingine, basi.

Kisha neno likaanza kubana. Waitaliano walilichukua kama tedesco, na hadi leo nchi wanaiita Germania lakini mwenyeji wake ni tedesco, ndugu wa damu wa tysk ingawa kwa sura hawafanani. Waholanzi walilitumia kwa lugha yao wenyewe, na katika wimbo wao wa taifa bado wanaimba kwamba Wilhelmus, shujaa wa wimbo huo, ni wa damu ya Duitsen, neno lile lile, ubeti unaowalazimu walimu kutoa maelezo kila mwaka. Waingereza walikuwa na Dutch, lililojumuisha wote wa bara la upande ule, Waholanzi kwa Wajerumani; baadaye likabaki kwa Waholanzi peke yao, na Mjerumani akapewa jina la Kilatini.

Hapa sisi tunaingia kwa haki. Kabla "Mjerumani" halijashika, mwambao wetu ulimwita Mdachi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utenzi juu ya vita vya pwani vya miaka ya 1880, watu aliowataja kutamalaki Mrima ni Wadachi. Neno hilo limefifia katika Kiswahili cha sasa, lakini vuka mpaka uone: Mnyarwanda anasema Ubudage, Mrundi anasema Ubudagi, na hawana mpango wa kubadilisha. Liwe limepitia kinywa cha Mjerumani mwenyewe au cha Mwingereza, shina ni lile lile la askofu wa mwaka 786. Kwa hiyo Mrundi na Mdenmark, kila mmoja kwa njia yake, wanamwita Mjerumani kwa neno moja.

Turudi Kaskazini, maana swali halijajibiwa. Ipo dalili ndani ya sauti za neno ambayo naona inastahili kutazamwa kwa karibu. Ile th ya kale haikukaa katika lugha zote. Kijerumani kiliigeuza d, lugha za Skandinavia ya bara zikaigeuza t, Kiingereza na Kiaisilandi vikaiacha ilivyo. Ndiyo maana "kitu" ni Ding kwa Mjerumani, ting kwa Mswidi na þing, kwa maana ya baraza, kwa Mwaisilandi. Sasa, wafanyabiashara wa Lübeck, bandari ya kaskazini mwa Ujerumani, waliotamba Kaskazini katika karne ya 14 walijiita düdesch, kwa d. Lau Waskandinavia wangelinasa neno hilo bandarini kama walivyonasa mamia ya mengine, tungetarajia leo waseme dysk au kitu cha namna hiyo. Hawasemi hivyo. Wanasema tysk, kwa t, sauti ambayo maneno ya asili yenye th ya kale huishia nayo.

Maelezo ni mawili, na sioni haja ya kuchagua moja na kulitupa jingine. Huenda neno lilipokelewa mapema, likiwa bado na th, likabadilika pamoja na maneno mengine ya nyumbani. Au waliolipokea walitambua kwamba hilo düdesch la wageni ni jamaa wa þjóð ya kwao, wakalivika sauti ya Kaskazini. Kwa vyovyote vile, hawakulichukua kama kasuku. Walijua ndani yake mna nini.

Kinorwei cha kale kinathibitisha hilo kwa namna nyingine. Saga, yaani simulizi ya kale, ya Mfalme Sverre wa Norwei, ambayo Abati Karl Jónsson wa Aisilandi alianza kuiandika huku mfalme mwenyewe akimsimamia, ina hotuba ambayo kwa kawaida huwekwa mwaka 1186, huko Bergen. Mji ulikuwa umejaa mvinyo, na pamoja na mvinyo zikaja ngumi na visu. Mfalme akasimama akashukuru wageni. Waingereza waliokuja na ngano na asali, ahsante. Waliotoka Orkney, Shetland, Faroe na Aisilandi na vitu ambavyo nchi haiwezi kukosa, ahsante pia. Kisha akawageukia þýðverskir menn, watu wa Kijerumani, waliofika kwa wingi na meli kubwa, wanaotaka kuondoka na siagi na samaki wakavu, yaani ng'onda wa kule, na kuiacha nchi maskini, na walicholeta badala yake ni mvinyo. Hao, alisema, hana shukrani nao.

Tazama umbo la neno hilo: þýðverskr. Sehemu ya mwisho ni ile ile wanayoitumia katika rómverskr, "wa Kirumi", na nyuma yake kuna Rómverjar, watu wa Rumi. Watu wa Kaskazini walichukua sifa ya lugha wakaifanyia kazi kama jina la wenyeji wa mahali, kwa kiambishi chao wenyewe. Kiaisilandi kimeendelea na mtindo huo: Mjerumani ni Þjóðverji, kwa mfano wa Spánverji, Mhispania. Lugha ni þýska na nchi ni Þýskaland. Sasa ongeza hili: Uswidi, kwa Kiaisilandi, ni Svíþjóð, "watu wa Svear", kabila la kale la Uswidi. Nchi mbili, shina moja, na Mwaisilandi anayezitaja katika sentensi moja analisema mara mbili bila kukunja uso.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Saxar na suðrmenn yalikuwa majina ya watu unaowaona kwa mbali au unaopigana nao. Yalianza kupwaya pale mgeni alipoacha kuwa wa kabila moja la Saksoni na kuwa mtu wa Lübeck, wa Bremen, wa Köln, wa Rostock, kila mmoja na mji wake na mtawala wake, lakini wote wakielewana kwa lugha moja ya biashara. Mtu wa aina hiyo huwezi kumtambua kwa nchi, kwa sababu hana nchi moja. Unamtambua kwa lugha. Na jina la lugha hiyo lilikuwa tayari vinywani mwao.

Bergen ndipo utakapoliona jambo hili likiwa na mbao na misumari. Kuanzia miaka ya 1360 hivi Muungano wa Hansa, umoja wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ujerumani, ulikuwa na ofisi yake gatini hapo, ikadumu hadi 1754. Wanaume wa Kijerumani, wengi wao vijana wanaojifunza kazi, waliishi humo bila wake. Kuoa Mnorwei kulikatazwa. Nyumba zilikuwa za mbao, zimebanana, zimejaa samaki wakavu wa kaskazini, na moto haukuruhusiwa ndani yake hata katika baridi ya Januari. Kupika na kuota moto kulifanyika katika vyumba vya pamoja vilivyojengwa nyuma. Watu wa mji wakapaita Tyskebryggen, Gati la Wajerumani. Watafiti wengi wanaona kwamba Kijerumani cha Chini, yaani cha kaskazini mwa Ujerumani, cha wakati huo na Kinorwei viliweza kuelewana kwa kiasi, kila mtu akiongea cha kwake, na ndiyo sababu maneno yalihama kirahisi hivyo. Hayakuhama majina ya bidhaa tu. Yalihama maneno ya "kulipa", "kuuliza", "kuwa", "lakini". Kiswidi kilipokea hata viambishi: be-, för-, -het. Ukivitoa leo, gazeti la Stockholm halisomeki.

Stockholm kwenyewe Wajerumani hawakufungiwa gatini. Sheria ya miji ya Mfalme Magnus Eriksson, ya katikati ya karne ya 14, iliruhusu nusu ya baraza la mji kuwa Wajerumani. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 1471, baada ya kiongozi wa Uswidi, Sten Sture, kumshinda mfalme wa Denmark pale Brunkeberg. Ukitembea mji mkongwe leo utakuta kanisa la Tyska kyrkan na mteremko wa Tyska brinken, na hakuna anayeyaona majina hayo kuwa na uchungu. Ni majina ya mitaa tu.

Denmark neno lilipanda ngazi likaingia ikulu. Kwa muda mrefu mambo ya nje yaliendeshwa na Tyske Kancelli, ofisi ya serikali iliyofanya kazi kwa Kijerumani, na amri za jeshi zilitolewa kwa Kijerumani hadi 1773. Mjerumani wa Copenhagen hakuwa mwuza mvinyo tena. Alikuwa mkubwa wa kazi. Kisha akaja Johann Friedrich Struensee, daktari mzaliwa wa Halle, akawa tabibu wa Mfalme Christian VII aliyekuwa na maradhi ya akili, akawa mpenzi wa malkia, akawa mtawala wa nchi. Alitoa amri kwa mamia, nyingine nzuri kabisa, na alizitoa kwa Kijerumani kwa sababu Kidenmark hakukijua vizuri. Aprili 1772 akakatwa kichwa. Mwaka 1776 ikatoka sheria kwamba vyeo vya serikali ni vya waliozaliwa ndani ya falme za mfalme. Sheria hiyo, angalia, haikuwafungia mlango Wajerumani wa Schleswig na Holstein, majimbo ya kusini mpakani, maana nao walikuwa raia wa mfalme huyo huyo. Ilitenganisha raia na mgeni. Mazungumzo ya mitaani ndiyo yaliyotenganisha dansk na tysk.

Niweke hapa jambo ambalo Waskandinavia wametuzidi. Wana tysk kwa Mjerumani na lugha yake, na germansk kwa familia nzima ya lugha: Kiingereza, Kiholanzi, Kidenmark na nyinginezo. Mswidi akisema lugha yake ni germanskt, hakuna atakayedhani amesema ni ya Wajerumani. Kwetu mwandishi akisema "Kiingereza ni lugha ya Kijerumani" msomaji anashtuka, na ana haki ya kushtuka. "Kigermanik" inatusaidia, lakini wachache wanaitumia. Neno Mdachi lingebaki hai, tatizo lisingekuwepo.

Halafu 1940. Norwei na Denmark zilivamiwa siku moja, tarehe 9 Aprili, na kwa miaka mitano tysk likabeba mzigo ambao Mfalme Sverre hakuuwaza. Baada ya vita, Norwei ilikuwa na neno tyskertøs, "malaya wa Mjerumani" kwa tafsiri isiyopambwa, kwa mwanamke aliyekuwa na askari wa adui. Wengine walinyolewa nywele hadharani, wengine wakawekwa kizuizini, na walioolewa na Wajerumani wakavuliwa uraia. Kulikuwa pia na tyskerbarn, watoto waliozaliwa kwa mahusiano hayo, wanaokadiriwa kuwa kati ya 10,000 na 12,000. Mmoja wao, Anni-Frid Lyngstad, alikulia Uswidi na akaja kuimba katika kundi la ABBA. Waziri Mkuu Erna Solberg aliwaomba radhi wanawake hao kwa niaba ya serikali Oktoba 2018, miaka sabini na kitu baadaye, wakati wengi wao walikuwa wameshazikwa. Lile gati la Bergen nalo lilivuliwa nusu ya jina lake mwaka 1945. Likawa Bryggen, Gati, basi, na kwa jina hilo ndilo lilivyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Naelewa hasira ya mwaka ule. Lakini waliojenga pale walikuwa wauza samaki wa Hansa, na bango lisilowataja linamwia mgumu mtalii kuelewa anachokitazama.

Mahali ambapo neno linanivutia kuliko pote ni mpakani. Schleswig ilipiganiwa, Denmark ikaipoteza mwaka 1864, na mwaka 1920 wenyeji wakapiga kura. Sehemu ya kaskazini ikarudi Denmark ikiwa na Wajerumani ndani yake, sehemu ya kusini ikabaki Ujerumani ikiwa na Wadenmark. Swali likawa: Mjerumani ni nani hapo? Kwa lugha humpati. Kaskazini mwa mpaka, familia nyingi za Wajerumani nyumbani huongea Sønderjysk, lahaja ya Kidenmark, ile ile ya jirani yao anayejiona Mdenmark halisi. Kwa jina la ukoo humpati pia. Wenyeji wakalazimika kuunda maneno mengine: dansksindet na tysksindet, mwenye moyo wa Kidenmark na mwenye moyo wa Kijerumani.

Neno lililoanza karne ya nane kama alama ya lugha tupu likafika mahali ambapo lugha ndiyo isiyohesabika. Mwaka 1955 serikali za Bonn (Ujerumani Magharibi) na Copenhagen zilitoa matamko mawili sambamba, na ndani yake wakaandika kwamba mtu kujitambulisha na jamii ya walio wachache ni hiari yake, na mamlaka hairuhusiwi kulipinga wala kulichunguza. Karani wa Aabenraa, mji wa upande wa Denmark, hawezi kukuuliza bibi yako alisema lugha gani. Ukisema wewe ni tysk, ni tysk. Watoto wako wanaweza kwenda shule ya jamii hiyo, wakafundishwa kwa Kijerumani darasani, kisha kengele ikilia wakatoka nje wakipigiana kelele kwa Sønderjysk.